Moto wa Mama Koplo

Siku Baba Mkubwa Zakaria alipotoa majivu jikoni kwetu, waliokuwepo walikuwa hawa: yeye mwenyewe, kaka wa baba yetu, akiwa na sepetu mkononi na kofia kwapani, shangazi Anatolia kutoka Mabamba, aliyekuwa amelia mpaka sauti ikamkauka, Bibi, mama yake mama, ambaye sisi watoto tulikuwa hatujawahi kumwona, Zuhura, rafiki wa Bibi, aliyesafiri naye kutoka Nachingwea, na sisi wanne, yaani mimi Leokadia, mkubwa, halafu Bosco, Severina, na Daudi ambaye alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Mama naye alikuwa pale, chini ya migomba, na udongo wake ulikuwa bado mbichi. Baba alikuwa kando yake. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla mahindi aliyoyapanda baba hayajavunwa.

Nimewakumbuka wote kwa mkupuo wiki hii, nilipofungua sanduku la bati la Bibi na kutoa koti lake la jeshi. Harufu yake ilinijia kabla sijalikunjua: dawa ya nondo kwa juu, na chini yake moshi, moshi wa jikoni kwetu wa miaka yote ile. Nilikaa nalo mapajani. Chai niliyokuwa nimebandika ikachemka mpaka ikakauka.

Kwa ukoo wa baba yangu, nyumba iliyofiwa na wenyewe wote wawili hufungwa kwa namna moja. Mkubwa wa ukoo huingia jikoni, huzoa majivu yote mpaka mafiga yabaki yamekaa juu ya udongo mtupu, huyamwaga shambani, na kuanzia hapo nyumba haihesabiki tena kuwa nyumba. Shamba hurudi kwa ukoo. Watoto hugawanywa. Baba Mkubwa alifanya kazi hiyo jioni, taratibu, bila ukali, kama mtu anayefunika maiti. Kisha akatuambia tutakavyokwenda. Bosco angemfuata yeye Buhigwe, kuna mbuzi. Severina angekwenda Mabamba na shangazi. Daudi angelelewa na mke wa Baba Mkubwa. Mimi nilikuwa nimepatiwa nafasi Kasulu, kwa familia ya mtumishi mmoja aliyehamishiwa huko kutoka mbali, nikamshikie mtoto wake.

Bibi alisikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mrefu, amevaa lile koti lililomfika magotini, na hakulia. Mimi nilifikiri ni askari. Nilifikiri amekuja kusimamia tuondoke bila fujo.

Asubuhi yake Zuhura aliamka wa kwanza. Hakuwa Muha na hakuna aliyemweleza mambo ya majivu. Aliona watoto wanne wamelala na njaa na jiko limefagiliwa safi, akadhani amekuta nyumba yenye adabu. Akaenda kwa jirani, akaomba kaa la moto, akalibeba kwenye kigae, akawasha. Moshi ulipopenya kwenye nyasi za paa, shangazi Anatolia alipiga yowe kule nje kama vile mama amefufuka.

Baba Mkubwa alikuja mbio, akafika mlangoni mwa jiko, akasimama ghafla na kugeuka. Bibi alikuwa ndani. Kwetu mwanamume haingii jikoni alimo mama mkwe wake, wala hamtazami usoni, na mama mkwe wa ndugu yako ni wa kwako pia. Kwa hiyo alizungumza akiwa ametupa mgongo, akiielekea migomba.

“Nani amewasha moto huu?”

“Mimi, baba,” Zuhura akajibu huku akipuliza. “Kwani kwenu watoto wanakunywa uji wa baridi?”

“Mama, huu moto ulikuwa umezimwa.”

“Ndiyo nikauwasha. Ulitaka nikoroge uji juani? Na jua lenyewe la huku kwenu linaona haya kutoka.”

Bosco akacheka, cheko lake la kwanza tangu msiba. Shangazi akamtolea macho.

“Aliyewasha ni mgeni,” Baba Mkubwa akaiambia migomba. “Moto wa mgeni hauhesabiki.”

“Ego, ni kweli,” alisema Bibi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitamka neno la Kiha, na nilishtuka. Alivuta sanduku la mbao lililokuwa limekuja na mizigo yake, sanduku tupu la risasi lenye maandishi yaliyofutika, akaliweka karibu na mafiga, akakaa. Kisha akachukua gogo moja na kulisukuma motoni. “Sasa nimechochea mimi. Na mimi si mgeni. Yule aliyelala pale nje nilimzaa.”

Baba Mkubwa hakugeuka. Nilikuwa naona shingo yake tu, na jasho.

“Basi kaa nao, mama,” alisema mwishoni. “Ulipo siwezi kuingia. Lakini siku utakayolala nje ya nyumba hii, nitaingia, nitatoa majivu, na watoto wa ndugu yangu watakwenda kwa ndugu zao. Sisemi kwa ugomvi. Ni utaratibu.”

“Utaratibu naujua, baba. Nimeishi kambini.”

Hivyo ndivyo Bibi alivyofungwa. Hakufungwa kwa kamba wala kwa mlango. Alifungwa kwa mafiga matatu na sanduku la risasi.

Zuhura alikaa nasi mpaka tulipozoea ucheshi wake, kisha akarudi kwa mumewe. Asubuhi ya kuondoka aliwekewa ndizi za kuchoma za njiani, akazikagua moja moja akidai Waha wanataka kumuua kwa shibe. Pale barabarani alimshika Bibi mikono yote miwili.

“Mama Koplo, mimi nimevuka nchi nzima nikakuzikia mwanao.”

“Umevuka.”

“Msiba wangu ukija, uje. Usipokuja nitakutokea ndotoni nikuvute shuka, baridi ya huku ikumalize.”

“Nitakuja,” Bibi akasema. “Hata kwa miguu.”

Gari likaondoka. Bibi alibaki amesimama mpaka vumbi likatua.

Ili uelewe kilichokuwa kimefungwa, inabidi ujue alikuwa mtu wa namna gani. Alizaliwa hapa hapa Kibondo. Akiwa msichana, lori la jeshi liliharibika karibu na kijiji chao, na koplo mmoja kijana akaomba maji ya kuweka kwenye rejeta. Lori lilipotengemaa, Bibi alikuwa juu yake. Alipenda kutuambia: “Niliondoka hapa juu ya lori, nikaapa kama nitarudi, nitarudi juu ya lori.” Mahari ilifuata baadaye sana, na kwa posta.

Akaishi kambi hadi kambi. Alikuwa na desturi ya wake wa askari: sanduku la bati halifunguliwi lote, kwa sababu amri ya uhamisho ikija hakuna anayekungoja utafute kijiko. Alivuka Rufiji wakati wa mafuriko akiwa ameketi juu ya magunia, na mwiko mkononi wa kuwatisha mamba, ingawa alikiri kwamba mamba hawakuonyesha kuuogopa. Waume zao walipopelekwa vitani na habari zikakatika, yeye na Zuhura walifunga safari kwenda kuwatafuta. Walipanda meli Mwanza wakijifanya wapishi, wakapika kweli, na manahodha wakawasifu. Wakafika Bukoba, wakawakuta waume zao wazima, wakatukanwa kwa kufika kule, wakarudi wakicheka. Mama alikuwa mgongoni mwa Zuhura safari yote, kwa sababu Bibi alikuwa na homa. Ndiyo maana Zuhura alipokuja kumzika mama, alisema anamzika mtoto wa mgongo wake.

Mtu huyo ndiye aliyekaa kwenye sanduku la risasi jikoni kwetu, akilinda moto.

Aliendesha nyumba kama alivyozoea. Asubuhi tulipanga mstari uani. “Masikio!” anasema, nasi tunageuza vichwa. “Kucha!” tunatoa mikono. Alitoa vyeo na kuvinyang'anya. Bosco alikuwa luteni Jumatatu, na kufikia Jumatano, mbuzi wakishaingia kwenye maharage, alikuwa kuruta tena. “Afande, hata mbuzi wa jirani?” Bosco angelalamika. “Mbuzi hana jirani,” Bibi angejibu. “Kimbia mpaka kwenye mparachichi urudi.” Majirani waliokuwa wakimwita Mama Koplo walianza kumpandisha cheo, na wakati fulani alikuwa Mama Kapteni. Alikataa. “Marehemu hakufika huko,” alisema. “Msimpe kazi kaburini.”

Lakini jioni, mvua ikiwa haipo, alitoka nje na kutazama barabara. Hakwenda mbali. Alisimama mahali ambapo bado aliweza kuona moshi ukitoka kwenye paa letu, akayatazama magari ya mwisho yakishuka kuelekea Kasulu mpaka yakaisha. Kisha akarudi, akachungulia moto, akakaa.

Nilimwona kila jioni, na nilielewa vibaya. Niliona sanduku la bati ambalo halikufunguliwa lote. Niliona macho yake barabarani. Nikaamini kwamba Bibi anapanga kututoroka, na kwamba kinachomzuia ni moto tu, kwamba yeye na moto wana makubaliano ambayo mimi sikuambiwa. Kwa hiyo nami nikaanza kuulinda. Nilikusanya kuni hata zisipohitajika. Wakati wa kulala nilifunga ncha ya kanga yake kwenye kifundo cha mkono wangu. Asubuhi aliifungua, akaninyoosha vidole vilivyokufa ganzi.

Habari za Zuhura zililetwa na askari mmoja wa kijiji cha pili aliyekuja likizo kutoka kusini. Mume wa Zuhura amefariki. Bibi alimsikiliza, akampa maziwa, akamsindikiza. Siku ya soko alishuka Mabamba na kurudi jioni na doti ya kanga nyeusi na nyeupe, mpya, bado ina gundi na harufu ya dukani. Doti ya msiba. Aliikunja na kuiweka kwenye kikapu.

“Leokadia,” aliniita jikoni. “Kaa hapo juu ya sanduku.”

Nikakaa. Miguu yangu iligusa chini kwa vidole tu.

“Ninakwenda kuhani. Nikirudi nitakuwa nimepitisha siku nyingi. Moto huu usizimike. Huendi shule mpaka nirudi. Ukienda kisimani, Bosco akae. Baba yenu mkubwa yuko Buhigwe, hatajua, na kama hajajua hawezi kuja.”

“Utarudi?”

Alinitazama kama vile nimemuuliza kama jua litachomoza. “Koti nakuachia. Kusini kuna joto.”

Miaka ile barabara ya kwenda Kasulu ilikuwa na majambazi. Magari hayakuruhusiwa kwenda moja moja. Yalisubiriana, yakapangwa msafara, askari wakatangulia na wengine wakafunga nyuma, na ukiukosa msafara wa siku hiyo umelala ulipo. Bibi aliondoka na msafara wa asubuhi. Nilimtazama kutoka mlangoni mwa jiko, maana sikuweza kufika barabarani. Sanduku la bati alikuwa ameliacha. Ilinichukua muda kulitambua hilo, na hata nilipolitambua sikuamini.

Yaliyotokea Kasulu alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa amesimama stendi, kikapu kichwani, akisubiri basi la Kigoma akapande treni. Gari kutoka Buhigwe likaingia. Akashuka Baba Mkubwa Zakaria. Alikuwa ameinamisha kichwa anahesabu mizigo yake, kisha akavuka moja kwa moja mpaka kwenye magari ya msafara wa Kibondo, akapanda. Bibi hakuweza kumwita. Mama mkwe hampigii kelele mkwe wake stendi mbele ya makuli. Na alipokwishapata mtu wa kumtuma, msafara ulikuwa umeondoka, na hapakuwa na mwingine mpaka kesho.

Hivyo mtu aliyevuka Rufiji juu ya magunia alikwama Kasulu, na basi la kumpeleka mbele likapiga honi, likamwacha.

Kwetu mvua ilianza mchana. Jiko likawa giza, moshi ukakataa kutoka. Bosco alikuwa amewafuata mbuzi, Severina alikuwa anapepeta maharage kwenye kona, na Daudi alikuwa anakohoa. Nilimfunika kwa koti la Bibi, nikamketisha kwenye sanduku la risasi, uso motoni, mgongo mlangoni, kola imempita masikio. Alionekana kama kilima chenye vifungo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti napuliza kuni zilizolowa, na moto ulikuwa umebaki jicho moja tu jekundu.

Nikasikia kikohozi cha mwanamume uani, kile cha kutoa taarifa. Kisha kivuli kikaziba mlango.

Baba Mkubwa alikuwa na sepetu. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye ukingo wa kofia. Aliingiza mguu mmoja ndani, akatazama, na palepale Daudi akakohoa ndani ya koti, kikohozi kizito cha kifua, kama cha mtu mzima.

Ule mguu ukarudi nje. Baba Mkubwa akageuka, akatupa mgongo.

“Mwiriwe, mama,” alisalimia kwa Kiha, akiiambia mvua.

Severina aliacha kupepeta. Nilimbana Daudi goti, naye akakohoa tena.

“Samahani,” Baba Mkubwa akasema. “Naona kifua kinakusumbua. Nilikuwa napita tu.”

Mvua ilikuwa inapiga kwenye majani ya migomba kwa kelele kubwa. Nilipuliza. Jicho lile jekundu likafunguka, ukuni mmoja ukashika.

“Kuna chumvi nimeleta,” akasema. “Naiacha hapa kwenye kizingiti. Na hizi kuni zenu zimelowa, mama. Watoto wakazitafute chini ya paa la zizi, kule nyuma ndugu yangu aliweka kavu.”

Akaondoka na sepetu lake. Tulisikia viatu vyake vikivuta matope mpaka visisikike. Severina akaanza kucheka na kulia pamoja, akajiziba mdomo kwa ungo. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi. Kuni za baba zilikuwepo, zimepangwa vizuri, kavu kabisa, na mimi niliyekuwa mlinzi wa moto sikuwahi kuzijua.

Bibi alirudi kesho yake juu ya lori la mahindi, mbele, kando ya dereva, akiwa amemchosha kwa hadithi. Aliruka chini kabla halijasimama vizuri. Hakutusalimu. Aliingia jikoni moja kwa moja, akainama, akauweka mkono wake juu ya moto, karibu kabisa, mpaka nikaogopa ataungua. Kisha akakaa sakafuni, si kwenye sanduku, na nikamwona analia. Tulimweleza yote, Bosco akiigiza sehemu ya Baba Mkubwa ingawa hakuwepo. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

“Alisalimia koti!”

“Akaliomba na samahani, Afande!”

Lakini hakujaribu tena kwenda. “Mara hii tumemdanganya na giza,” aliniambia. “Mara ya pili kutakuwa na jua.” Doti ya Zuhura akaiweka kwenye sanduku la bati, chini ya koti.

Nami sikurudi shule. Hakuna aliyenikataza, wala sikuamua siku moja. Bibi alihitaji kwenda Mabamba kuuza na kununua ili tule, kwenda asubuhi na kurudi jioni, na jiko halingebaki tupu hata kwa muda huo. Tulikuwa tumeona jinsi mguu unavyoingia. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wangu, mtu wa Singida, alikuja nyumbani kuuliza. Bibi alimpa kiti, akamweleza kila kitu, na yule mwalimu akatazama mafiga yetu kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka lakini haoni nyoka.

“Huyu mtoto ana akili, mama,” alisema.

“Ndiyo maana nimempa kazi ngumu,” Bibi akajibu. Lakini jioni ile hakwenda kutazama barabara. Alikaa nami, akachukua kijiti, akanichorea nchi kwenye majivu: hapa Kasulu, hapa Kigoma, reli inapita hivi, hapa Rufiji, hapa Nachingwea, na hapa, kwa kubonyeza kidole, nyumba ya Zuhura. Asubuhi nikafuta nikazoa. Jioni akachora tena. Ninaijua safari ile kuliko watu waliokwenda, na sijawahi kuvuka Kasulu.

Watu huuliza kwa nini hatukwenda kushtaki, kwa nini hatukumpuuza tu. Sisi tulikuwa watoto wa ukoo ule, na Bibi alikuwa binti wa nchi ile. Nyumba yenye moto ilikuwa ya kwetu mbele ya kila mtu, hata mbele ya Baba Mkubwa, na hakuna siku alivunja neno lake. Hakukanyaga jikoni kwetu. Alipopita alituachia chumvi, wakati mwingine dagaa, na kuongea na migomba.

Bosco alipooa na kuwasha moto wake mwenyewe katika uwanja ule ule, utaratibu ulikuwa umekwisha. Nyumba ilikuwa na mwenyewe. Bibi aliniambia asubuhi moja, “Sasa naweza kwenda kwa Zuhura.” Akasimama kutoka kwenye sanduku, akaishika nguzo, akakaa tena. Magoti yalikuwa yamekwisha. Tulilitaja hilo kama jambo la kuchekesha, kwamba gari limepata ruhusa na matairi hayana upepo. Baadaye nilimkuta amegeukia ukuta.

Alifariki mwaka huu, wakati wa kuvuna maharage, akiwa kitandani, sanduku la bati chini yake. Tulimzika kando ya mama.

Baba Mkubwa Zakaria alikuja na fimbo, akishikwa mkono na mjukuu. Watu walipopungua nilikuwa jikoni, na nikasikia kile kikohozi chake uani. Nikangoja aanze kuongea na migomba. Badala yake aliingia. Aliinama chini ya kizingiti, akatazama kuta nyeusi kama mtu aliyefika mji anaousikia redioni, akaketi kwenye sanduku la risasi.

“Sasa naruhusiwa,” alisema. “Lile koti liko wapi?”

“Kwenye sanduku, Baba Mkubwa.”

“Lilikuwa koti zuri.” Akanyoosha mikono motoni. “Lakini mwanangu, mama mkwe gani anakaa na miguu inaning'inia?”

Nilicheka kabla sijaelewa. Halafu nikaelewa.

“Ulijua ni Daudi.”

“Nilimwona bibi yenu Kasulu kwa macho yangu, amesimama na kikapu. Nilijua jiko halina mtu.”

“Sasa mbona uliondoka?”

Alisogeza ukuni kwa ncha ya fimbo, vizuri, ukashika. “Nilikuja na sepetu kuwachukua watoto wa ndugu yangu,” alisema, “nikawakuta wamejipanga kama jeshi. Nilipofika barabarani nilijua sitakuja tena kwa kazi ile.”

“Hukuja tena,” nikasema. “Kwa hiyo Bibi angeweza kwenda.”

Alifuta majivu kwenye ncha ya fimbo.

“Angeweza kwenda kwa Zuhura kesho yake. Na mimi shule. Mbona hukusema?”

“Ningesemaje, Leokadia? Niseme nilimwona mama mkwe stendi na mzigo kichwani, nikageuza uso nikampita, kwa sababu nilikuwa nawahi kuzima moto wake? Mambo hayo mtu unayasema kwa mdomo upi?” Alivua kofia, akaiweka kwapani kama siku ile. “Kila mwaka nilisema nitamtuma mtu.”

Nilimtazama yule mzee. Nilitafuta hasira, na ilikuwepo, lakini ilikuwa haina mahali pa kukaa. Miaka yote ile tulilinda mlango ambao hakuna aliyekuwa anausukuma. Bibi amekufa bila kujua. Nilimmiminia chai. Aliinywa yote, akashukuru, akasema jiko letu lina joto zuri.

Bosco alikuwa na namba ya simu ya mjukuu wa Zuhura. Tulipiga. Binti akasema bibi yake yupo, ila hasikii vizuri na siku nyingine hatambui watu. Akampa simu. Nikasema kwa sauti kubwa mimi ni mjukuu wa Mama Koplo, wa Kibondo.

“Mama Koplo!” sauti ile ikapasuka, ile ile, imechakaa tu pembeni. “Amefika wapi?”

Sikuelewa.

“Nasema amefika wapi? Kashapanda treni?”

Nikamwambia Bibi amefariki. Nikarudia, maana hakusikia. Upande wa pili nikasikia kuku, na mtoto akiitwa. Kisha Zuhura akasema, taratibu, kama mtu anayepanga chakula kilichobaki:

“Haya. Basi uje wewe. Alisema atakuja.”

Nilishuka Kasulu juzi na gunia la maharage, kama kila wiki. Siku hizi hakuna msafara, magari yanakwenda yanavyotaka. Nilipomaliza kuuza nikaenda kusimama mahali basi la Kigoma linapopakia. Kondakta akaniuliza, “Unapanda, mama?” Nikaiona ramani yote, reli, Rufiji, kidole cha Bibi kikibonyeza majivu. Halafu nikawaza kama mke wa Bosco amekumbuka kuchochea moto, ingawa hakuna tena anayekuja kuuzima. Nikamwambia kondakta asubiri, na alipogeuka nilikuwa tayari nimepanda gari la Kibondo.

Nimelirudisha koti kwenye sanduku. Chini yake doti ipo, nyeusi na nyeupe, bado ngumu kwa gundi ya dukani, kanga zake mbili zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyezikata.